Tunawafundisha watoto wetu wa kiume kunyamaza, halafu tunashangaa wakiwa wakubwa wanavyokwisha kimyakimya

Mwana wa Kibirizi (mtoa mada)

Habari za jioni wakuu. Naomba uzi huu tuuchangie kwa utulivu, maana mada za wanaume na wanawake huwa zinaishia kwenye matusi na "kataa ndoa". Sijaja kushindanisha mtu na mtu. Nataka tuzungumze jinsi tunavyowalea watoto wa kiume huku Kigoma, na jinsi malezi hayo yanavyotumaliza tukishakuwa watu wazima.

Mnakumbuka mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana. Sina ugomvi na uamuzi ule, mwenye macho anajua dagaa na migebuka wamepungua. Shida yangu ni yale niliyoyaona majumbani miezi ile mitatu.

Nina jirani yangu mvuvi wa dagaa. Hana chombo, anakwenda na chombo cha tajiri na kulipwa kwa mgawo. Ziwa lilipofungwa hakuwa na pa kushika. Mkewe alikuwa na biashara ndogo ya mawese na sabuni, na hiyo ndiyo iliyolisha nyumba. Sasa sikilizeni walivyoishi. Jioni giza likianza kuingia, mama anampa mumewe hela nyuma ya jiko. Baba anatoka, anakwenda dukani mwenyewe, ananunua unga na sukari, anarudi kwa mlango wa mbele na kumkabidhi mama yuleyule mbele ya watoto. Ilikuwa hivyo kila siku. Baadaye hata hilo likamshinda. Ikifika saa moja usiku anavaa koti lake la ziwani, anatoka kama mtu anayewahi kazini, kumbe anakwenda kulala kwa rafiki yake Gungu ili watoto wasimwone baba amekaa nyumbani usiku. Na watoto walijua kabisa kwamba ziwa limefungwa. Shule nzima ilijua!

Kisha akaanza pombe, mtu ambaye hakuwa mnywaji. Mwishowe akampiga mkewe. Hapo naomba nieleweke vizuri: kumpiga mke ni kosa na hakuna njaa inayolihalalisha. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Lakini najiuliza, yule bwana alikuwa na pa kusemea kwamba ameshindwa na anaogopa? Wazee wangemwambia ajikaze. Kijiweni wangemcheka. Mkewe ndiye aliyekuwa karibu naye kuliko wote, na kwake ndiko alikoshindwa zaidi kusema, kwa sababu tangu mdogo ameambiwa ukimwonyesha mwanamke udhaifu atakudharau.

Watu watasema ndivyo mila zetu zilivyo tangu enzi. Si yote. Mkoloni alitaka kodi ilipwe kwa fedha taslimu, na huku kwetu akapaacha pawe mahali pa kuchota vibarua. Wanaume wa Buha wakasombwa kwa mikataba kwenda mashamba ya mkonge Tanga na kwingineko, wenye mashamba wakawa na wakala wao kabisa wa kukusanya watu, SILABU. Kuanzia hapo mwanaume akawa mtu wa kuondoka na kurudi na hela. Aliyekosa hela hakuwa na uso wa kurudi nao, na wapo babu zetu ambao hawakurudi mpaka leo, koo zao ziko huko Tanga na Morogoro. Haya tunayoyaita uanaume wa asili, sehemu yake ni risiti ya kodi ya mkoloni.

Sasa tazameni mtoto. Wa miaka minne akianguka na kuchubuka goti anaambiwa "nyamaza, wewe si mwanaume?" Dada yake akianguka anapewa pole na kupakatwa. Akifika darasa la tatu hataki kushika ufagio kwa sababu wenzake watamwita demu. Akifika la sita yuko mwaloni, pale vyombo vya uvuvi vinapoegeshwa, usiku anavuta kamba, kesho yake anasinzia darasani, na wazazi tunasifu kwamba kijana amekuwa. Hata kanuni za viboko shuleni za mwaka 2002, zinazosema visizidi vinne, zinaelekeza msichana achapwe na mwalimu wa kike kama yupo. Mvulana anachapwa na yeyote. Nadhani asichapwe mtoto yeyote, ila mvulana ujumbe wake anaupata mapema: mwili wako umeumbwa kwa ajili ya kuvumilia.

Matunda yake tunayaona. Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya watu 700,000 hujiua kila mwaka duniani, na kiwango cha wanaume ni zaidi ya mara mbili ya wanawake. Hapa nyumbani, utafiti wa kitaifa wa VVU wa 2016/17 ulikuta kati ya wanawake wenye virusi, asilimia 56 hivi walikuwa wanajijua. Wanaume ni asilimia 45 tu. Mpaka ikabidi mwaka 2018 Serikali izindue kampeni ya "Furaha Yangu" kuwabembeleza wanaume wakapime.

Na kuna hili ambalo hatulitaji kabisa. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika 2009 ulionyesha karibu mtoto mmoja wa kiume kati ya saba alifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Kwa wasichana ni karibu watatu kati ya kumi, yaani wao wanaumizwa zaidi na wala sipunguzi uzito wa hilo. Lakini kati ya wasichana walioumizwa, nusu hivi walimwambia mtu. Kwa wavulana ni kama theluthi tu. Wengine wote wamekaa nalo, na baadhi yao ni baba za watu sasa hivi.

Nimemaliza kwa upande wangu. Nawauliza wenzangu: kwenye nyumba zenu mvulana akiumia anamwambia nani?

Nguruka Stesheni

Mkuu heshima yako, uzi nimeusoma wote. Lakini mimi sikubaliani nawe. Dunia haina huruma na mwanaume. Baba yangu alinilea kwa fimbo, leo nina nyumba, nasomesha watoto, na mdogo wangu nimemtoa. Angenipakata kila nikianguka ningekuwa wapi? Huyo jirani yako shida yake haikuwa kunyamaza, shida yake ilikuwa hela. Angekuwa na akiba, yote hayo yasingetokea. Tuwafundishe vijana kuweka akiba, tusiwafundishe kulia.

Mama wa Heru Juu

Kaka mtoa mada, Mungu akubariki kwa kulitamka hili. Naomba nami niseme kama mwanamke, maana sisi tumo ndani.

Nilipojifungua mtoto wa pili kwa upasuaji, mume wangu alichukua likizo yake akanihudumia. Anachota maji, anapika uji, anafua nepi na kuzianika uani mchana kweupe. Wifi zangu wakaja kumwona mtoto. Walipomkuta kaka yao ameshika beseni hawakukaa hata dakika kumi. Wiki haijaisha maneno yameenea Kasulu nzima kwamba nimemlisha limbwata. Mama mkwe akaitisha kikao. Mume wangu akaulizwa mbele ya wajomba zake kama ana akili zake timamu.

Alijibu vizuri, sitaki kumsemea. Ila tangu siku ile akawa anafua nepi usiku, na kuzianika ndani ili watu wasizione. Mtoto akapata fangasi kwa sababu ya nepi zisizokauka. Aliyeumia pale ni mtoto mchanga, kwa ajili ya macho ya watu.

Na sisi wanawake wenyewe ndio wa kwanza kusema "mwanaume suruali", "marioo", "kaolewa". Mwanaume akikosa kazi miezi miwili tunakaa kibarazani tunamsema. Halafu mtoto wetu wa kiume amekaa hapohapo anasikia, anajua na yeye atapimwa hivyo. Tukitaka watulie nasi tutulize midomo.

Ila nisisitize, kaka zangu, mzigo wa maji, kuni na watoto bado uko mgongoni kwetu. Mkizungumza maumivu yenu msisahau kwamba mume wangu kushika beseni kulininusuru mimi kwanza.

Ujiji Mkongwe

Assalaam alaykum. Mimi ni mtu mzima, nimekulia hapa Ujiji. Hili la kumkataza mtoto kulia wengine wanalivisha dini, na si kweli. Mtume (s.a.w.) alipofiwa na mwanawe Ibrahim alilia mbele za watu. Masahaba waliposhangaa akasema macho hutokwa na machozi na moyo huhuzunika, wala hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu. Na Bi Aisha alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, alijibu kwamba alikuwa akiwahudumia watu wa nyumbani mwake. Ndugu zetu Wakristo nao wana maneno ya Yohana 11:35, "Yesu akalia machozi". Sasa huyo mwanaume wa kwetu asiyelia anamfuata nani?

Tabibu wa Zahanati

Nafanya kazi kituo cha afya mkoani humu, sitataja wapi. Nataka kumjibu Nguruka Stesheni kwa niliyoyaona, kwa sababu anasema shida ni hela.

Wanaume wanaokuja wamechelewa si maskini peke yao. Nimepokea mzee mwenye maduka mawili na gari, analetwa usiku na wanawe, kibofu kimejaa mpaka tumbo limevimba kama la mjamzito. Tukamwekea mpira wa mkojo, akashusha pumzi na kuanza kulia kwa unafuu. Nikamuuliza mkojo umeanza kusumbua lini. Akasema ni mwaka wa pili sasa. Anaamka mara tano usiku, mkojo unatoka matone, na hakuna aliyemwambia, hata mkewe wanayelala kitanda kimoja! Alichoogopa ni kipimo cha kidole. Aliona bora afe kuliko kupimwa vile. Na uvimbe wake haukuwa saratani, ni tezi dume la kawaida la uzee, linatibika.

Wakuu, mwanaume ukifika miaka 50 nenda kamwone daktari kuhusu tezi dume, na kama kuna mtu wa familia aliyewahi kupata saratani hiyo nenda mapema zaidi. Kuna kipimo cha damu kinaitwa PSA, hivyo hata hicho kidole mnachokiogopa si lazima kiwe mwanzo wa mazungumzo. Saratani ya tezi dume ni miongoni mwa zinazoongoza kwa wanaume nchini, na ikiwahiwa kuna matibabu.

Kuhusu VVU niongeze jambo moja. Mwanamke ana mlango wa kuingilia hospitali, nao ni kliniki ya wajawazito. Atapimwa VVU, kaswende, damu na presha hata kama hakuja kwa hayo. Mwanaume hana mlango kama huo. Kituo kinafunguliwa asubuhi, yeye ametoka ziwani alfajiri amelala, au yuko shambani. Akija anakuta benchi la akina mama na watoto, anageuza. Kwa hiyo malezi yanamzuia na huduma nazo hazimfuati. Tulipojaribu kupeleka upimaji mwaloni jioni, kabla vyombo havijatoka, walipima wengi na wala hatukuwavuta kwa nguvu.

Kijana wa Gungu

Mimi sijui kuandika marefu. Naendesha bodaboda. Baba alifariki nikiwa kidato cha pili. Siku ya maziko nililia, baba mkubwa akanishika bega kwa nguvu akaniambia usilie, sasa wewe ndiye baba wa nyumba hii, ukilia mama yako atashika nini. Nikanyamaza. Sikulia tena mpaka leo na shule niliacha muhula ule ule nikaenda mwaloni. Wadogo zangu wawili nawasomesha na nashukuru Mungu. Lakini usiku huwa nakaa tu naangalia paa. Kuna siku nipo barabarani naona lori linakuja nafikiri mambo mabaya. Sijawahi kumwambia mtu.

Mwana wa Kibirizi (mtoa mada)

Kijana wa Gungu, mdogo wangu, nimekusoma na nakujibu wewe kwanza kabla ya mtu yeyote. Pole sana kwa baba. Ulikuwa mtoto, na mtoto hapaswi kukabidhiwa ubaba makaburini. Hayo mawazo ya lori ni ugonjwa unaotibika, hayana maana kwamba wewe ni dhaifu. Tafadhali usipande pikipiki usiku huu. Nenda kakae na mama au rafiki, umwambie hivihivi ulivyotuandikia. Kesho asubuhi nenda hospitali, useme "nina mawazo ya kujidhuru", maneno hayohayo, usizunguke. Mimi niko hapahapa Kigoma mjini, nimekuandikia ujumbe pembeni, nitakusindikiza.

Tabibu wa Zahanati

Naunga mkono. Kijana wangu, hospitali ya mkoa ina watu wa afya ya akili. Usiogope kwamba utaitwa kichaa. Ukiona mawazo yanazidi usiku huu usisubiri kesho, nenda wodi ya dharura.

Wakili wa Mwanga

Wengi hawendi kusema mawazo kama hayo kwa kuogopa sheria, kwa hiyo niliweke sawa. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 217, inasema *kujaribu kujiua* ni kosa. Kuwa na mawazo hayo na kuyapeleka kwa daktari si kosa, nenda bila hofu. Kwa maoni yangu kifungu hicho kingefutwa kabisa. Kenya, Mahakama Kuu imekitangaza cha kwao kuwa kinyume cha katiba Januari 2025. Mtu aliyefika hapo anahitaji daktari, mahabusu itamwongezea nini?

Na kuhusu jirani wa mtoa mada: kifungu cha 63 cha Sheria ya Ndoa kinampa mume wajibu wa kumtunza mke kwa chakula, mavazi na makazi, *kulingana na uwezo wake*. Watu wanaruka maneno hayo ya mwisho. Kifungu hichohicho kinampa mke mwenye uwezo wajibu wa kumtunza mume aliyeshindwa kufanya kazi kwa ugonjwa wa mwili au akili. Kwa hiyo hata sheria ya 1971 ilijua kuna siku mwanaume atashindwa, na ikaweka mtu wa kumshika. Mtaani kwetu bado hatujafika 1971.

Nguruka Stesheni

Bado naamini mtoto wa kiume anahitaji ukakamavu, hilo sitalibadilisha kwa uzi mmoja. Kijana wa Gungu, pole mdogo wangu, fanya walivyokwambia.

Ila nina swali, na nauliza kwa dhati. Nina wavulana watatu, wa katikati yuko bweni. Hili la mtoto mmoja kati ya saba limenikaa kichwani tangu jana. Ikitokea mtoto amekuja kuniambia amelawitiwa, mimi kama baba nafanya nini? Maana najijua, nitatoka na panga.

Tabibu wa Zahanati

Asante kwa kuuliza, ndugu yangu. Panga liache. Ukikamatwa wewe, mtoto anabaki na maumivu yake bila baba.

Kwanza mwambie unamwamini na kwamba hana kosa. Usimuulize kwa nini hakupiga kelele au hakupigana, hapo ndipo wavulana wanapofunga mdomo moja kwa moja. Usimwogeshe, na nguo alizovaa usizifue, ziweke kwenye mfuko wa karatasi. Mpeleke polisi kwenye dawati la jinsia na watoto mpewe PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, halafu hospitali, au kama ameumia anza hospitali. Muhimu sana afike kabla ya saa 72 kupita, kwa sababu dawa za kuzuia VVU zinafanya kazi ndani ya muda huo, na zikianza mapema ni bora zaidi. Kama muda umepita mlete vilevile. Ukikwama pa kuanzia, piga 116, ni simu ya msaada kwa watoto na ni bure.

Wakili wa Mwanga

Niongezee tu. Kosa la kubaka kwenye kifungu cha 130 cha Kanuni ya Adhabu linamtaja mwanamke au msichana, ndiyo maana watu hudhani mvulana hana sheria. Anayo. Ni kifungu cha 154, na aliyefanyiwa akiwa mtoto adhabu inafika kifungo cha maisha. Msikubali kumaliza kesi kwa wazee wa ukoo kwa kulipana mbuzi.

Nguruka Stesheni

Nimeandika yote kwenye daftari. Jumamosi ni siku ya kutembelea wanafunzi, nakwenda kumwona huyo wa bweni. Sijui nitaanzaje.

Mama wa Heru Juu

Shemeji, usianze na swali. Mpelekee chakula, mkae pembeni wawili tu, mama yake asiwepo siku hiyo. Mwambie wewe mwenyewe jambo moja lililokuogopesha ulipokuwa shule. Halafu kula naye taratibu na umwache aongee anavyotaka. Asiposema kitu siku hiyo, nenda tena mwezi ujao.

Kijana wa Gungu

Nimelala kwa shangazi. Nimemwambia. Asubuhi hii mtoa mada amenikuta huko, tumeenda hospitali wote watatu, nimepewa dawa na tarehe ya kurudi. Nesi ameniuliza kama nataka kusoma tena nikasema nimechelewa.

Mwana wa Kibirizi (mtoa mada)

Hujachelewa. Uliishia kidato cha pili, kwa hiyo unaanza na Mtihani wa Maarifa, ule wanaouita QT. Ukifaulu unajisajili kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, na masomo ya jioni yapo hapa mjini, utaendelea na pikipiki yako mchana. Nimeongea na shangazi yako, ada ya usajili tutasaidiana. Cheti chako cha darasa la saba kiko wapi?